Chenso ya Kamba Fupi

Kwa miaka mingi nimekana kwamba ile chenso kubwa, msumeno wa injini, niliichagua mimi. Mume wangu nilimwambia kwamba muuzaji alinibambikia. Walimu wenzangu niliwaambia ndiyo pekee iliyokuwa imebaki dukani. Shemeji zangu, ambao huikumbushia kila tunapokutana kwenye misiba na harusi, nimewaacha waamini kwamba ilipakiwa kimakosa badala ya nyingine, katika ile vurugu ya stendi ya Tunduma. Si kweli. Niliichagua mwenyewe, mchana kweupe, daftari likiwa mezani, na kabla sijakubali kuichukua nilimwuliza muuzaji kama hana iliyozidi kidogo.

Kuna jambo la pili nililolikana kwa nguvu zaidi, na ndilo lililozaa hili la kwanza. Nilipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam niliandika kazi ndefu, kurasa arobaini, kuhusu mila zinazomnyamazisha mwanamke nyumbani kwa mumewe. Nilipewa alama nzuri. Bwenini niliwatangazia wenzangu kwamba mimi sitakuja kumkimbia mkwe wa mtu yeyote. Kisha nikaolewa kwa Wandali, na kwa miaka kumi na miwili nikamkimbia baba mkwe kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha kwenye kazi nyingine yoyote.

Kwa wasiojua, kwa Wandali mke wa mtoto na baba wa mume hawakutani. Hawatazamani, hawali pamoja, hawasemezani. Nikimwona anakuja njiani, mimi napinda kwenye migomba. Nikiwa uani, yeye hukohoa kabla hajafika kwenye kona ya nyumba ili nipate nafasi ya kutoweka. Huo si ugomvi. Ni heshima, na inatoka pande zote mbili. Yeye naye ananikimbia mimi. Kwetu Tunduma, mimi ni Mnamwanga, mambo hayo yalishalegea, na hakuna mtu aliyenishikia fimbo. Mume wangu aliniambia mapema kabisa kwamba nikitaka kuacha niache. Sikuacha. Ukweli ni kwamba ilinifaa. Mtu ambaye hamsemezani hawezi kukuuliza kwa nini ugali wako una madonge.

Kwa hiyo nilimjua baba mkwe kwa kikohozi, kwa mabuti yake ya mpira yaliyoegemezwa mlangoni, na kwa mgongo wake akielekea shambani: mgongo mrefu, unaoyumba kidogo upande wa kulia kwa sababu ya goti bovu. Nilijua pia kwamba ujanani, kabla hajashuka kutoka Ileje kuja Igamba kufuata kahawa, alikuwa mpasuaji mbao. Yeye akisimama juu ya gogo na mwenzake akiwa shimoni chini, walivuta msumeno mmoja kutwa nzima. Habari zake nyingine zote nilizipata kwa mama mkwe, ambaye alikuwa barabara yetu pekee, na kama barabara nyingine za wilaya yetu, ilikuwa na mashimo yake.

Nyuma ya jiko la mama mkwe kulikuwa na mkaratusi. Baba mkwe aliupanda mwaka aliojenga, akiwa na mawazo ya kuni. Mti ukapita nyumba, ukapita miti yote ya jirani, kisha ukaanza kuinamia jiko. Msimu mmoja wa mvua, upepo ulivunja tawi lake moja, likatoboa bati na kutua kwenye mafiga, dakika chache baada ya mama mkwe kutoka kuchukua chumvi. Tangu siku hiyo alipika huku sikio liko juu. Mti ulitakiwa uanguke kabla ya mvua za Novemba zijazo. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Mengine yote yaliyofuata niliyaongeza mimi.

Vijana wenye chenso wa Mlowo waliwahi kuitwa kukata mgrevilea mmoja wa kivuli shambani, na waliuangusha vizuri sana, juu ya mibuni. Baba mkwe alisema hatamwita tena mtu anayewasha mashine kwanza ndipo atazame mti unaelekea wapi. Atakata mwenyewe, akipata chenso zake. Alikuwa na kazi tatu: kupunguza miti ya kivuli kwenye kahawa, kukata magogo ya kuni na ya kuchomea tofali, na kuuangusha mkaratusi. Watoto wake wakakubaliana kumpa zawadi ya chenso za kazi hizo, na kwa kuwa mimi nilikuwa nafundisha Tunduma, ambako kila mashine duniani hupita ikienda Zambia au ikirudi, nikapewa kazi ya kuchagua. Sababu nyingine ilikuwa kwamba nimesoma. Niliwakumbusha kwamba nimesoma historia na Kiswahili. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo.

Vipimo vililetwa na mama mkwe mwenyewe. Alifika kwangu na mkungu wa ndizi, akanywa chai, akafungua fundo la kanga, akatoa kamba tatu za katani zilizokunjwa vizuri kama za kufungia mizigo.

“Baba yako amepima,” alisema. “Hii fupi ni ya kahawani. Hii ya katikati ni ya kuni. Hii ndefu ni ya ule mti wangu.”

“Amepima nini, mama?”

“Miti.”

“Ameipimaje?”

Alinitazama kama mtu anayeanza kuwa na wasiwasi kuhusu ada alizolipiwa mkamwana wake. “Kwa kamba,” alisema.

“Sawa, mama. Lakini alipokupa, alisema nini hasa?”

“Alisema, mpelekee mkamwana. Amesoma, ataelewa.”

Baada ya maneno hayo sikuweza tena kuuliza. Alipoondoka nilizitandaza kamba sebuleni. Ile ndefu ilianzia mlangoni ikafika kwenye kabati la vyombo. Nilizizunguka mara mbili tatu, nikakaa kwenye kochi, nikainuka tena. Nilijua kwamba chenso zina ukubwa mbalimbali, kama viatu. Nilijua pia kwamba mtu anayetaka kitu cha saizi yake hupeleka kipimo chake. Ukienda kwa fundi wa mapazia unapeleka urefu wa dirisha. Basi baba mkwe anataka misumeno mitatu, ameleta kamba tatu, na kila kamba ni urefu wa msumeno mmoja. Nilipofika hapo niliona mambo yamenyooka, nikashangaa kwa nini nilikuwa nimehangaika.

Ila ile ndefu ilinisumbua. Usiku huo nilimpigia mume wangu, aliyekuwa Sumbawanga kwenye ujenzi wa barabara.

“Baba anataka msumeno mrefu kuliko kabati letu,” nilimwambia.

“Chenso ni chenso, mke wangu. Nunua inayowaka.”

“Kwa nini usimpigie ukamwuliza?”

“Huku mtandao wenyewe wa kuvizia. Si ungempigia mama?”

“Mama ndiye aliyeleta kamba.”

“Basi mpigie mzee mwenyewe,” alisema, akacheka, nami nikacheka, kwa sababu wote tulijua kwamba huo ulikuwa mzaha.

Jumamosi nikaenda dukani na kamba zangu kwenye mkoba. Lilikuwa duka la vifaa vya mashine karibu na barabara kuu, lenye mikanda ya vinu vya kusagia ikining'inia darini na chenso zimepangwa kwenye rafu, nyekundu, chungwa na njano, kama mboga za sokoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimechora jedwali kwenye daftari, mistari kwa rula, safu ya kazi, safu ya aina ya mti, na safu ya urefu.

“Karibu, bamayo,” alisema muuzaji. Ni Kibemba cha biashara. Pale mpakani kila mwanamke mwenye mkoba ni mama wa Kibemba mpaka athibitishe vingine.

“Nataka chenso tatu.”

Alikaa sawa. “Za kazi gani?”

Nikamsomea jedwali. Alinisikiliza, akaelekeza kidole rafuni bila kuinuka. “Kupunguza matawi, chukua hii ndogo. Ulimi wa inchi kumi na nne.” Ulimi ndilo jina alilokipa kile chuma kirefu ambacho mnyororo huzunguka juu yake. “Nyepesi, mtu anaishika hata akiwa kwenye ngazi. Kuni, kumi na nane. Kuangusha, ishirini. Tumemaliza.”

Nilimtazama kwa huruma. “Kaka, mimi nimekuja na vipimo.”

Nikampa kamba fupi. Akainyoosha kwenye tepu yake mezani. Akapima tena. “Thelathini na moja. Hii ni ya kuangusha?”

“Hiyo ndiyo ndogo. Ya kahawani.”

“Kahawa ya wapi?”

“Igamba.”

“Kahawa ya Igamba siku hizi imekuwa hivyo?” Akachukua ya katikati. “Arobaini na sita. Bamayo, nimeuza chenso tangu soko lifunguke, ulimi huu sijauona.” Nilipotoa kamba ndefu hakuipima. Alimwita jirani yake wa duka la spea za malori aje aione. Wakaishika kila mmoja upande wake, wakarudi nyuma, wakarudi tena nyuma, hadi mmoja akawa nje barazani.

“Wanakata nini huko?” aliuliza wa spea.

“Mkaratusi.”

“Mkaratusi au kontena?”

Nilianza kuona joto masikioni. Kuna wakati mtu aliyesoma anaona kabisa kwamba watu wawili wenye kazi yao wanamcheka, na badala ya kujiuliza wamejua nini asichokijua, anaamua kwamba wao ndio hawajaelewa. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba mwenye kamba hizo amepasua mbao maisha yake yote na anajua anachotaka.

“Sawasawa,” alisema muuzaji, akajikuna. “Iko moja huku nyuma. Iliagizwa na mtu wa ng'ambo, hakurudi kuichukua. Hiyo inafika thelathini.”

Walikuja nayo wawili. Ilikuwa na ulimi kama jahazi la watoto... hapana, nisiipambe, ilikuwa kama ubao wa kupigia pasi wenye meno. Nikaitazama, nikatazama daftari.

“Imepungua inchi moja,” nilisema. “Huna iliyozidi kidogo?”

Muuzaji alivuta pumzi. “Bamayo, nisamehe. Huyo atakayeitumia ana mwili gani?”

Nilifikiri. “Ni mrefu,” nikasema. “Kwa kweli sijui vizuri. Sijawahi kumwona kwa mbele.”

“Aaa,” alisema, na uso wake ukabadilika kabisa. “Mkweo.”

“Mkwe wangu.”

Akaacha kuuliza. Alikuwa mtu wa huku huku, mwenye adabu zake, na alijua kwamba mtu hachunguzwi habari za mkwe. Laiti angekuwa mtu wa Dar es Salaam, angeendelea kuniuliza mpaka nikatambua. Akaifunga ile mashine kwenye boksi la jokofu na kuahidi kuniulizia zile nyingine mbili kwa watu wa Lusaka.

Boksi lilisafiri nami hadi Mlowo kwenye basi, na kutoka Mlowo kwenye pikapu iliyobeba mbolea. Njiani nilisoma kijitabu chake. Kiliandikwa kwa lugha nyingi na Kiswahili hakikuwamo, lakini kilikuwa na picha za mwanamume mwenye kofia ngumu, miwani, glavu na suruali nene. Ukurasa wa pili alikuwa mwanamume yuleyule akifanya kila kitu ambacho nimeona wakata miti wetu wakifanya, na juu ya kila picha kulikuwa na alama kubwa ya X nyekundu. Nilifika Igamba nikiwa na hofu, lakini hofu ya mambo ambayo siyo.

Mama mkwe alijaribu kulinyanyua boksi, akaliacha. Kikohozi kikasikika upande wa bandani. Nikakimbilia jikoni, nikasimama nyuma ya mlango, juu ya kichwa changu bati lenye kiraka na juu ya bati mkaratusi ukisugua majani yake. Kati yangu na baba mkwe zilikuwa hatua kama kumi. Nilisikia kisu kikikata kamba za boksi. Kisha mabuti ya mpira yakalizunguka boksi.

“Mwambie mkamwana ahsante,” alisema baba mkwe.

Mama mkwe akazitembea hatua kumi. “Anasema ahsante.”

“Mwambie ni zawadi yetu sote,” nilimwambia.

Akarudi. “Anasema ni yao wote.”

“Ni msumeno,” alisema baba mkwe. “Mwulize huu ni wa kamba ipi.”

“Anauliza ni wa kamba ipi.”

“Wa fupi,” nilisema, kwa sauti ambayo ingesikika hata kwa jirani.

“Wa fupi!” mama mkwe alimpelekea.

Hapo palipita muda hata kuku wakaanza kurudi uani. Kisha nikasikia kikohozi, si kile cha kutangaza kona. Kilikuwa kidogo, cha ndani, kama mtu aliyemeza kitu. “Sawa,” alisema. “Mwambie sawa. Asihangaike na nyingine kwanza.”

Nilirudi Tunduma nikiwa nimejaa fahari. Ameridhika, nilijiambia, kiasi kwamba moja inamtosha.

Wiki tatu baadaye mama mkwe alipiga simu. Alikuwa na kisimu kidogo chenye tochi alichopewa na mwanawe, ambacho alikichaji Mlowo na kukiwasha kwa nadra, kama taa ya wageni. Kwa hiyo simu yake ilipoita, niliipokea nikiwa nimeshasimama.

“Baba yako anakata mti kwa shoka,” alisema.

“Mti upi?”

“Mti upi tena? Wangu. Anapanda na ngazi, anapunguza matawi ya upande wa jiko. Anasema mti ukiwa mwepesi hautaangukia huku.”

“Na goti?”

“Goti anapanda nalo.”

“Mama, na chenso?”

“Imelala kitanda cha wageni. Ameifunika blanketi. Mtu akija kutusalimia, anaifunua wanaiangalia, anaifunika tena.”

“Imegoma kuwaka?”

“Haijawashwa. Nikimwuliza ananiambia wasomi wana sababu zao.” Akashusha sauti. “Mwanangu, watu huku wanauliza kama unaomba kufunguliwa.”

Nilihitaji muda kuelewa. Mwiko ule wa mkwe una njia ya kulegezwa. Zawadi kubwa, kwa kawaida ng'ombe, hutolewa, wazee hukaa, na baada ya hapo watu wanaweza kuonana. Kumbe Igamba nzima ilikuwa imeitazama chenso ile ya kitandani na kuona ng'ombe.

“Mama, ile ni ya kukatia matawi!”

“Ndivyo nilivyowaambia. Wamecheka sana.”

Usiku ule sikulala. Nilizitoa kamba, nikazitandaza tena. Labda mashine imekosa oili ya kuchanganya na petroli, nao wanaona aibu kuniambia. Labda nimemtukana, labda kwa Wandali msumeno mkubwa kuna kitu unasema ambacho hata mume wangu hakijui. Labda anasubiri zile mbili kubwa zaidi, anaona haiwezekani kuanza na mtoto kabla wazazi hawajafika. Nilichukua kamba fupi nikaipima kwenye mlango, kwenye meza, kwenye mkono wangu kutoka begani hadi kwenye kucha. Kila nilipoipima ilinipa kipimo cha kitu ambacho hakikuwa mti wa kahawani. Asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Mbozi, iliko Igamba, ya kwanza ya msimu, na kitu pekee nilichokielewa ni kwamba mzee mwenye goti bovu yuko juu ya ngazi na shoka, na kwamba nimemweka huko mimi, ingawa sikujua kwa njia gani.

Simu iliita saa nne, wakati wa mapumziko. Lilikuwa jina la mama mkwe.

“Shikamoo, mama. Ameanguka?”

Upepo tu. Kisha nikasikia kikohozi, kile nilichokijua kwa miaka kumi na miwili, na kabla akili haijasema kitu, miguu yangu ilikuwa imeshanipeleka chini ya meza ya walimu, katikati ya marundo ya madaftari. Mwalimu wa jiografia aliruka juu ya kiti akauliza kama kuna nyoka.

“Ni mimi,” alisema baba mkwe.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimegeuza mgongo.”

“Baba?”

“Niko huku mlimani kwenye mtandao, nimetazama Mbeya. Tunduma iko mgongoni. Nilimwuliza mzee wa kanisa kama kuongea kwa simu ni kukutana. Amesema hajui. Nami sijui. Nikaona basi nigeuke.”

“Mimi niko chini ya meza,” nilisema.

“Vizuri,” alisema, na nikahisi ametulia. “Zile kamba. Nilizizungusha kwenye mti.”

“Kuzizungusha?”

“Kwenye shina. Unapitisha kamba, inazunguka shina, inapokutana na mwanzo wake unakata. Ndivyo tulivyopima magogo toka zamani. Halafu unagawa kwa tatu, unapata unene.” Alisema polepole, bila kunicheka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. “Kwa tatu na kidogo. Lakini tatu inatosha.”

Nilikuwa na kalamu. Nikagawa kwenye jalada la daftari la mwanafunzi. Ya kahawani, inchi kumi. Ya kuni, kumi na tano. Ya mkaratusi, ambayo muuzaji hakuipima lakini mimi niliipima kwa rula usiku ule, thelathini na moja. Nikaitazama ile thelathini na moja, karibu ulimi uleule niliomnunulia wa matawi.

“Baba, ulijua lini?”

“Siku ileile. Uliposema ni ya kamba fupi.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia kwa kupitia nani? Mama yako namjua. Neno hilo lingefika kwako likiwa na Igamba nzima nyuma yake. Mwalimu wa watu, uchekwe kisimani? Nikaona nipande tu na shoka.”

Huyu ndiye mtu niliyemwandikia kurasa arobaini.

“Jana nimeteleza,” aliendelea. “Si sana. Lakini nikiwa nimeshikilia tawi nikafikiri, nikianguka, huyu mtoto hatajua alikosea wapi, na atanunua nyingine.”

“Baba, usipande tena mti huo,” nilisema. Ilitoka kama ninavyowaambia wa kidato cha pili, na nilipoisikia nikafumba macho.

Upepo ukapita kwenye simu. “Sawa,” alisema baba mkwe. “Sipandi. Lakini mvua ziko hapa.”

“Jumamosi naleta mbili. Ya inchi kumi na nne kwa ajili ya kahawa. Na...” Nikakwama. Jedwali langu lilikuwa na safu nyingi, na hakuna hata moja iliyonisaidia. “Na ipi, baba?”

“Ya ishirini. Itakata kuni, na huo wa mama yako pia.”

“Lakini unene wake ni thelathini na moja.”

“Mti mnene unakatwa upande huu, halafu unahamia upande wa pili. Ulimi si lazima utokeze ng'ambo.”

“Na hii kubwa nitairudisha.”

“Usirudishe. Mimi siwezi kuinua, ila mti ukishalala nitaita wapasuaji wenye nguvu zao, hiyo itatoa mbao. Jiko la mama yako halina mlango wa maana.” Kisha akasema, kama anayenikumbusha kufunga geti: “Ukiwa na swali usimpe mama yako. Nipigie. Mimi nitageuka.”

“Na mimi nitaingia chini ya meza.”

“Haya, mwanangu.”

Hakujua kukata simu. Nilimsikia akishuka mlimani, mabuti yakikwaruza mawe, pumzi yake, jogoo wa mtu. Nilipaswa kukata mimi. Nikabaki nimejikunyata pale, kengele ya mapumziko ikalia, walimu wakaanza kutoka. Kisha sauti ya mama mkwe ikaja kwa mbali, ikakaribia.

“Amesemaje?”

“Amesema nisipande.”

“Amekwambia wewe? Usipande?” Mama mkwe alicheka hadi akakohoa. “Na ile chenso je? Na zile kamba, ilikuwaje?”

Baba mkwe alikohoa kidogo.

“Hayo ni yetu wawili,” alisema, na salio likaisha.